Kemo baada ya oparesheni ya kongosho: jinsi ya kuianza na kuimaliza, hatua kwa hatua

Oparesheni ya kansa ya kongosho ishapita, mgonjwa wenu amerudi nyumbani na mshono mrefu tumboni, watu wamekuja wamesoma dua, kila mtu ameshusha pumzi akidhani yamekwisha, alafu mnaenda kliniki daktari anawaambia sasa kuna miezi sita ya kemo, yani dawa kali za kuua kansa. Ami yangu aliposikia hivyo aliniinamia akaniuliza pole pole, "Si wameitoa yote? Hiyo dawa ni ya nini tena?" Naandika haya kwa yule anayejiuliza swali hilo leo hapa Mombasa, awe Kisauni, Likoni, Changamwe ama Mtwapa. Mimi si daktari, mimi ndo niliyekuwa nikibeba faili na daftari, na kila nisichokielewa nilikuwa namuuliza daktari na manesi mpaka wakanizoea.

Jibu la swali la Ami ni hili. Daktari wa upasuaji hutoa kile kinachoonekana kwa jicho na kwa skani, lakini kansa ya kongosho ina tabia ya kutuma vimbegu vyake mapema kwenye damu na kwenye ini, vidogo ambavyo hakuna skani inayoviona, na hivyo ndivyo hurudi baadaye. Kemo inavifuata hivyo. Kuna utafiti mkubwa wa Ujerumani na Austria unaoitwa CONKO-001, waliwagawa watu waliokwisha pasuliwa makundi mawili, wengine wakapewa dawa ya jemsitabini kwa miezi sita na wengine wakaangaliwa tu bila dawa. Baada ya miaka mitano, waliopata dawa walikuwa hai kama 21 katika kila 100, wasiopata kama 10. Yani karibu mara mbili. Si dawa ya kukuhakikishia, lakini si kitu cha kuachia njiani.

Na jambo ambalo ningependa mlishike kuliko yote ntakayoandika hapa chini ni kwamba kumaliza ni muhimu kuliko kuwahi kuanza. Mwaka 2014 watafiti wa utafiti mwengine wa kansa hii, ESPAC-3, waliangalia wagonjwa 985 wakaona aliyemaliza raundi zote sita za dawa alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuishi kuliko aliyekatizwa, na kwamba kuanza wiki ya 6 ama wiki ya 11 hakukuleta tofauti kubwa, alimradi umeanza ndani ya wiki 12. Kwa hivo kila hatua hapa chini ni ya kumlinda mgonjwa afike mwisho.

HATUA YA 1: Wiki za kwanza ni za chakula, si za kemo

Msimharakishe. Mshono ufunge, mirija itolewe, aweze kutembea mwenyewe mpaka msikitini ama dukani na kurudi. Watu wengi nje ya tafiti hawaanzi kemo kabisa, si kwa sababu dawa hakuna, ni kwa sababu mwili ulibaki dhaifu baada ya oparesheni mpaka muda ukapita. Oparesheni ya kichwa cha kongosho, ile ya Whipple, hutoa kichwa cha kongosho pamoja na mwanzo wa utumbo, kibofu cha nyongo na sehemu ya mfereji wa nyongo, na mara nyengine kipande cha tumbo lenyewe, kwa hivo usishangae mtu kushiba kwa vijiko vinne.

Mlo uwe mara sita kwa siku, kidogo kidogo. Ami alikuwa akila uji asubuhi na mapema, saa nne yai na mkate, mchana wali kidogo na samaki wa kupaka, alasiri mbaazi, jioni bokoboko laini, na kabla ya kulala maziwa. Na msimkataze mafuta na nazi kwa kuogopa kuharisha, anahitaji hiyo nguvu, kinachotakiwa ni enzaimu.

Hapa ndo watu wengi hukosea. Kongosho ndilo linalotengeneza vimiminika vya kusaga mafuta, likikatwa havitoshi, chakula kinapita kama kilivyo. Dalili zake utaziona chooni: choo cha rangi ya udongo, chenye mafuta, kinaelea, kinanuka vibaya na hakiendi na maji, huku mtu anapungua kilo na anakula. Dawa yake ni vidonge vya enzaimu kama Creon, na madaktari wengi huanza na uniti 50,000 hadi 75,000 kwa mlo mkubwa na 25,000 hadi 50,000 kwa kitafunio, halafu wanapandisha kulingana na hali. Kidonge humezwa pamoja na tonge la kwanza, na mlo ukiwa mrefu vyengine katikati. Si nusu saa kabla wala baada ya kumaliza. Kisitafunwe, na kisimezwe na chai ya moto manake joto linaiua ile enzaimu. Na huku kwetu joto ni joto, msikiweke dirishani, jikoni wala ndani ya gari, kinatakiwa mahali pasipozidi digrii 25 hivi, tafuteni kona yenye ubaridi zaidi ndani ya nyumba.

Kuna jambo jengine nalisema wazi kwa sababu nimeona familia ikilificha: enzaimu hizi hutolewa kwenye kongosho la nguruwe. Ami alipojua alitaka kuziacha. Tukaenda kwa imamu wetu, akauliza kama kuna badala yake inayofanya kazi hiyo hiyo, tukamwambia daktari amesema hakuna ya kutegemewa, akasema hiyo ni dharura na dharura ina hukumu yake, mgonjwa atumie. Kama lina uzito moyoni mwenu nendeni mkaulize shehe mnayemuamini, lakini ulizeni mapema, asije mgonjwa akawa anazitupa kimya kimya huku nyinyi mnashangaa mbona anakonda.

Sukari pia. Kongosho likipunguzwa insulini nayo hupungua, mtu ambaye hakuwa na kisukari anaweza kukipata. Nunueni mashine ndogo ya kupimia na mmpime hata kama hajawahi kuwa nayo. Na mizani. Kila Ijumaa asubuhi tulimpima uzito Ami, tukaandika.

HATUA YA 2: Faili liwe kamili kabla ya kumuona daktari wa kemo

Bebeni ripoti ya maabara ya nyama iliyotolewa (hiyo ndo inasema aina ya kansa, kama kingo zilikuwa safi, na tezi ngapi zilikutwa nayo), ripoti ya oparesheni, na CT skani mpya ya kifua na tumbo iliyofanywa baada ya oparesheni, ili kuhakikisha hakuna kilichojitokeza tayari. Damu ya CA 19-9 (alama ya kwenye damu ambayo kansa hii mara nyingi huipandisha) ipimwe kabla ya raundi ya kwanza, mpate nambari ya kuanzia. Lakini msiigeuze kuwa mungu: nyongo ikiziba hupanda bila kansa kurudi, na kuna watu kama 5 hadi 10 katika 100 ambao miili yao haiitoi kabisa hiyo CA 19-9, kwao nambari ndogo haina maana yoyote.

Ulizeni pia kuhusu kipimo cha jeni za BRCA, zile ambazo zikiwa na kasoro ya kurithi huongeza hatari ya kansa. Siku hizi kinapendekezwa kwa kila mwenye kansa ya kongosho, hata kama ukoo hauna historia, kwa sababu kinaweza kubadilisha dawa na pia kinawahusu watoto na ndugu. Na kama oparesheni ilikuwa ya mkia wa kongosho bandama nayo ilitolewa, kuna chanjo za kupigwa, ya nimonia na ya uti wa mgongo zikiwemo. Ukumbushe daktari, hii husahaulika sana.

HATUA YA 3: Kuchagua dawa, na kwa nini jirani alipewa nyengine

Kwa ufupi kuna njia tatu ambazo utazisikia.

Ya kwanza ni FOLFIRINOX iliyorekebishwa, dawa nne pamoja: oksaliplatini, irinotekani, lukovorini na 5-FU. Hutolewa kila baada ya wiki mbili, raundi 12. Mwaka 2018 utafiti wa Ufaransa na Kanada, PRODIGE 24, ulionyesha nusu ya waliopata hii waliishi zaidi ya miezi 54, na kwa jemsitabini peke yake ilikuwa miezi 35. Ni tofauti kubwa sana. Lakini angalieni ni kina nani walioingia mule: watu wasiofika miaka 80, wenye nguvu zao, wanaojifanyia kazi zao, waliopona oparesheni vizuri. Na hata hao, thuluthi mbili tu ndo waliomaliza raundi zote. Sasa mzee wa miaka 74 mwenye presha na figo zinazolegea, aliyepoteza kilo 15, si sawa na watu wale, na daktari akimpa dawa nyepesi hajamdharau.

Ya pili ni jemsitabini ya dripu pamoja na vidonge vya kapesitabini. Jemsitabini huingia kwa nusu saa hivi mara moja kwa wiki, wiki tatu kisha wiki moja kupumzika, raundi sita. Vidonge mara mbili kwa siku ndani ya nusu saa baada ya kula, siku 21 kisha siku saba kupumzika. Utafiti wa ESPAC-4 wa 2017 ulipata nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 28 kwa mchanganyiko huu, na 25 na nusu kwa jemsitabini pekee.

Ya tatu ni jemsitabini peke yake, kwa asiyeweza hizo mbili. Tayari mmeona ilivyosaidia kule CONKO.

Kabla ya 5-FU ama kapesitabini ulizeni kuhusu kipimo cha DPD. Kuna watu wachache ambao mwili wao hauwezi kuivunja dawa hii, ikaja kuwa sumu kali, na Ulaya tangu 2020 wanashauri kila mtu apimwe kwanza. Kama hamkupima, raundi ya kwanza muwe macho: vidonda vibaya mdomoni na kuharisha sana siku za mwanzo mwanzo maana yake acheni vidonge na mkimbie hospitali, si kungojea tarehe ya kliniki.

HATUA YA 4: Pesa zipigwe hesabu mpaka raundi ya mwisho

Hapa ntasema kwa uchungu. Nimekaa kwenye viti vile vya kungojea na watu waliofika raundi ya nne ya dawa wakakwama, si mwili uliokataa, ni mfuko. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ina kiwango cha kansa cha mwaka kwa kaya nzima, na CT skani zinaweza kula humo humo. Kwa hivo kabla ya raundi ya kwanza nendeni ofisi ya bima ya hospitali, muulize kiwango ni kiasi gani leo, kimebaki kiasi gani, idhini huchukua siku ngapi, kisha mwombe daktari awaandikie gharama ya miezi yote sita: dawa, damu ya kila raundi, skani, dawa za kuzuia kutapika, sindano za kupandisha chembe nyeupe, na enzaimu. Kama kuna mchango wa familia basi mchange kwa hesabu hiyo nzima. Mchango wa raundi moja moja huchosha watu, ukifika wa sita simu hazishikwi. Na kama FOLFIRINOX itafika nusu tu lakini jemsitabini na kapesitabini mtaimudu mpaka mwisho, mwambieni daktari ukweli huo mapema bila haya.

HATUA YA 5: Mshipa na ratiba

FOLFIRINOX yataka poti, kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua kwa sababu dawa huchoma mishipa ya mkono na kwa sababu 5-FU huingia kwa saa 46 kupitia pampu ndogo ambayo mgonjwa anarudi nayo nyumbani. Hesabuni saa hizo kabla ya kukubali siku. Ukiunganishwa Alhamisi mchana pampu inaisha Jumamosi asubuhi, na kama chumba cha kemo hufungwa wikendi nani ataitoa? Sisi tulihamia Jumanne, ikatolewa Alhamisi. Wa Likoni waongeze saa ya feri.

Pampu isikae juani wala karibu na jiko, zile za mpira joto huzifanya zitoe dawa haraka kuliko inavyotakiwa. Akilala aiweke kando ya mto, asilale juu yake. Na akipata maumivu ya kifua wakati 5-FU inaingia, hiyo ni dharura, dawa isimamishwe na aende emajensi saa hiyo hiyo.

HATUA YA 6: Siku ya dawa

Damu hupimwa siku moja kabla ama asubuhi yake: chembe za damu, figo, ini. Mara nyingi wanataka neutrofili, zile chembe nyeupe za kupigana na maradhi, zifike kama 1.5, na chembe za kugandisha damu 75 hadi 100. Zisipofika raundi husogezwa wiki moja. Msikasirike, wala msiende kutafuta hospitali itakayokubali. Ami alisogezwa mara tatu.

Dawa za kuzuia kutapika zinywewe kama zilivyoandikwa, hata kama hasikii kichefuchefu. Ile ya deksamethasoni hupandisha sukari, kwa hivo pimeni sukari siku mbili tatu zinazofuata. Na kwa siku mbili hivi baada ya dawa, mkojo, matapishi na choo vina dawa ndani yake: flashi mara mbili na kifuniko kimeshuka, anayefua mashuka avae glavu, na mwenye mimba asiguse.

HATUA YA 7: Homa

Hii isomeni mara mbili.

Mombasa mtu akipata homa sote twasema malaria. Unatuma mtoto duka la dawa, unanunua Panadol na dawa ya malaria, unalala. Raundi ya tatu ya Ami, siku ya tisa baada ya dawa, usiku alianza kutetemeka, tukampima tukapata 38.4, na sisi tuliokuwa na karatasi ya hospitali imebandikwa mlangoni tukafanya yale yale ya siku zote. Panadol ikashusha joto, tukafurahi, tukalala. Alfajiri alikuwa hawezi kusimama, presha imeshuka, anajibu maneno mengine. Neutrofili zilikuwa 0.3. Alilazwa siku sita, na raundi ya nne ikachelewa wiki mbili. Kosa lilikuwa letu nyumbani na nalisema ili lisiwe lenu.

Kwa hivo: kipima joto kiwe nyumbani, kile cha dijitali cha kawaida. Pimeni kabla ya Panadol, sio baada. Ikifika 38 hata mara moja, ama akitetemeka kwa baridi hata kama joto halijafika, muende hospitali usiku huo huo, msingojee asubuhi, msingojee kliniki. Siku za hatari zaidi ni kama ya 7 hadi ya 14 baada ya dawa, lakini homa ni homa siku yoyote. Wekeni karatasi ndani ya faili imeandikwa kwa herufi kubwa "Mgonjwa wa kemo ana homa, aangaliwe neutrofili", pamoja na majina ya dawa na tarehe ya mwisho, mkamkabidhi wa kwanza mtakayemkuta emajensi, manake usiku yule daktari hamjui mgonjwa wenu. Wakitaka kupima malaria wapime, malaria ipo kweli, lakini antibayotiki ya mshipa inatakiwa ianze ndani ya saa moja, isingojee jibu la malaria.

Na kuna homa ya aina nyengine kwa waliofanyiwa Whipple. Mfereji wa nyongo umeunganishwa upya na utumbo, wadudu wanaweza kupanda juu. Homa ya kutetemeka, macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai, hata kama chembe nyeupe ni nzuri: hospitali.

Wageni nao. Huku kwetu mgonjwa hutembelewa, na kumzuia mtu ni kama kumtukana. Sisi shangazi alikaa barazani, akawakaribisha watu kahawa na haluwa pale pale, mwenye mafua akaombwa dua yake aisomee mlangoni, na hakuna aliyenuna. Harusi na matanga ya watu wengi zile siku za chembe kushuka aache. Maziwa yawe yamechemshwa, kachumbari ya njiani isubiri.

HATUA YA 8: Tumbo

Kuharisha kuna sababu mbili na dawa zake ni tofauti, tofautisheni. Choo cha mafuta kinachoelea ni enzaimu hazitoshi. Choo cha maji maji mara nyingi kwa siku ni dawa, hasa irinotekani. Ikianza pale pale kitini huku anatoka jasho na mate, amwambie nesi, kuna sindano ya atropini inayotuliza haraka. Ikianza nyumbani siku za baadaye, loperamidi vidonge viwili mara ya kwanza tu, kisha kimoja kila saa mbili mpaka apite saa 12 bila kuharisha, na asizidishe siku mbili bila kuonana na daktari. Maji ya ORS, madafu, uji mwembamba. Homa pamoja na kuharisha, ama damu, msimpe loperamidi nyumbani, mpelekeni. Kwa joto la hapa mwezi wa tatu mtu hukauka upesi mno.

HATUA YA 9: Baridi, mikono na miguu

Utasema Mombasa baridi iko wapi. Iko kwenye friji. Oksaliplatini huzifanya neva zishtuke na baridi siku kadhaa baada ya dawa: maji ya barafu yanafanya koo lihisi kama linafunga, hewa ya ac ndani ya basi ama benki inachoma vidole, hata sakafu ya vigae asubuhi. Hafi, koo halijafunga kweli, lakini hutisha sana. Maji ya mtungi, sharbati bila barafu, soksi, shali begani akipanda basi la ac, na mtu mwengine amfungulie friji.

Lakini ganzi inayobaki mpaka raundi ijayo ni jambo jengine. Akishindwa kufunga vifungo vya kanzu, akidondosha kikombe, akisema anahisi kama anakanyaga mchanga, mwambieni daktari kabla ya dawa kuunganishwa. Wazee wetu hujikaza, wanaogopa watakatiwa dawa. Kwa Ami daktari aliiondoa oksaliplatini tu kwenye raundi ya tisa, dawa zilizobaki zikaendelea.

Wa kapesitabini wao ni viganja na nyayo kuwa nyekundu, kuchubuka na kuuma. Mafuta mazito kila siku tangu siku ya kwanza, viatu vipana, na ngozi ikianza kupasuka, vidonge visimame mpaka daktari aseme. Akitumia wafarini ama dawa ya kifafa ya fenitoini lazima daktari ajue, zinagongana.

Mguu mmoja kuvimba, ama pumzi kukata ghafla, ni damu iliyoganda mpaka ithibitishwe vyengine. Kansa hii hugandisha damu kuliko nyingi. Muende siku hiyo hiyo.

HATUA YA 10: Miti shamba na Ramadhani

Watu watakuja na majani ya mstafeli, mwarobaini, habbasoda, chupa isiyo na jina kutoka kwa mtu fulani. Wanaleta kwa mapenzi, wapokeeni. Lakini asinywe wakati wa kemo bila daktari kujua, manake ini ndilo linaloshughulikia dawa nyingi hizi, na vipimo vya ini vikipanda daktari hatajua ni dawa ama ni chupa, atasimamisha kemo. Habbasoda kidogo juu ya mkate ni chakula. Mafuta yake vijiko vitatu kwa siku ni dawa, na dawa huulizwa.

Ramadhani iliangukia katikati yetu. Ami alilia siku ya kwanza, miaka hamsini hakuwahi kula mchana. Al-Baqara aya ya 184 na 185 zimemtaja mgonjwa kwa jina lake, alipe siku nyengine, na asiyetarajiwa kuweza ana fidya. Enzaimu, maji na milo sita haviendi pamoja na funga. Sisi tulikula naye futari, na mchana mmoja wetu asiyefunga alikaa naye asile peke yake.

HATUA YA 11: Dozi ikipunguzwa

Hutokea kwa wengi, hasa FOLFIRINOX. Asilimia 20 hapa, kusogezwa wiki pale, dawa moja kuondolewa. Baada ya ile homa Ami alipunguziwa irinotekani na akawa anapigwa sindano ya kupandisha chembe nyeupe baada ya kila raundi. Akadhani ndo basi, wameshakata tamaa naye. Nilimuonyesha daftari: kwa dozi ile ya mwanzo alimaliza raundi tatu kwa wiki nane na akalazwa, kwa dozi ndogo alikwenda raundi tano bila kulazwa hata siku moja. Mwenye kichefuchefu kisichotulia ama maumivu, msingojee kemo iishe, Coast Hospice husaidia mambo hayo hata kwa mtu ambaye bado anatibiwa kupona, si mahali pa siku za mwisho peke yake.

HATUA YA 12: Baada ya raundi ya mwisho

Ami alimaliza zote 12, kwa miezi saba na nusu badala ya sita. Kliniki sasa ni kila miezi mitatu, damu ya CA 19-9 na CT skani kwa ratiba ya daktari, na miaka miwili ya kwanza ndo ya kufuatilia kwa karibu zaidi. Poti kama haijatolewa yahitaji kusafishwa kila wiki kadhaa, ulizeni ni wiki ngapi kwenu. Ganzi ya oksaliplatini inaweza kuzidi miezi miwili mitatu baada ya kuacha dawa ndipo ianze kushuka, msishtuke mkadhani ni maradhi mapya. Sukari iendelee kupimwa. Creon haiishi na kemo, kwa wengi ni ya maisha, kwa hivo akisafiri Lamu ama Tanga vidonge viende kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti ya basi.